Mlaumuni Msusi

Watu wengi hupigana wasilaumiwe. Msusi huyu alipigana alaumiwe, tena mbele ya kadamnasi, akiwa juu ya mgongo wa farasi na gauni lake zuri limepanda mpaka magotini. Kama unadhani jambo hilo ni rahisi, basi hujakutana na Kamanda.

Lakini tuanzie saluni, maana kila jambo la mama huyu huanzia saluni. Ni chumba kimoja chenye vioo viwili, kikaushio kinachonguruma kama mashine ya kusaga, na benchi refu lililojaa wanawake kuanzia asubuhi. Mmoja ndiye anayesukwa. Waliobaki hawakuja kusukwa hata kidogo, wamekuja kusikia. Mtaani walimwita Redio, na yeye alikuwa akiitika bila kinyongo. Alikuwa akikusuka kichwa kizima bila kukitazama, macho yote yako mlangoni, anaangalia nani kapita, kapita na nani, na mbona leo kapita haraka. Habari ikiingia kwake ina kilo moja, ikitoka ina tatu. Chumvi alikuwa haoni haya kuitia. "Habari bila chumvi," alikuwa akisema, "mpelekee mgonjwa."

Miongoni mwa wateja wake alikuwemo afisa ustawi wa jamii, mwanamke mpole, nywele nyingi, muda mchache. Siku moja, nusu ya kichwa ikiwa tayari, afisa akasema kwamba nje ya mji kuna ranchi inayochukua vijana walioshindikana nyumbani na shuleni, wengine wamepitia mahakamani, ikawafundisha kupanda farasi ili watulie. Walikuwa wanatafuta watu wazima wa kujitolea siku za Jumamosi.

"Mnalipa nini?" Redio akauliza.

"Asante."

"Karibu. Lakini nimeuliza mnalipa nini."

"Ndiyo hiyo, shangazi. Tunalipa asante."

Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Basi huyu akirudi atatununulia soda za asante!" Redio naye akacheka, lakini Jumamosi iliyofuata akamwachia msaidizi wake saluni na kwenda. Tusimpambe: alikwenda kwa umbea. Alitaka kuona watoto walioshindikana wana sura gani. Jioni akarudi na kinyesi cha farasi kwenye viatu na habari za kutosha mpaka Jumatano.

Getini pa ranchi palikuwa na bango kubwa la rangi: kijana anatabasamu juu ya farasi, na kando yake mwalimu mwenye kofia pana ameshika hatamu. Ndani hapakufanana na bango. Palikuwa na banda la mabati, uwanja uliozungushiwa magogo, birika la saruji la kunyweshea farasi, na tope lake la kudumu. Mwalimu yule wa kofia hakuwepo. Alishaondoka zamani kwenda mahali wanapolipa kitu zaidi ya asante, na hakuna aliyeletwa badala yake.

Aliyekuwepo ni mkuu wa ranchi. Vijana walimwita Kamanda kwa sababu ya buti zake zinazong'aa na filimbi aliyoivaa shingoni usiku na mchana. Kamanda alikuwa akishinda ofisini. Gari la wageni likinguruma tu getini, huyo nje, mikono nyuma, filimbi mdomoni.

"Mama, wewe kaa na watoto tu," alimwambia Redio siku ile ya kwanza. "Wape moyo."

"Moyo upo. Na mafunzo nani anawapa?"

"Mafunzo wanapewa na farasi wenyewe."

Redio akamtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Ndipo akamwona Kimya. Msichana wa miaka kumi na mitano, mwembamba, nywele zimekatwa fupi vibaya kama mtu aliyekatwa akiwa anakimbia. Jina la Kimya alipewa na wenzake, maana maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kiganja. Alikuwa amevunja madirisha yote ya ofisi ya walimu kwa mguu wa kiti. Kilichoandikwa juu yake ni hicho tu, madirisha. Afisa ustawi alishaeleza mambo bayana: msichana akimaliza msimu bila vurugu, atabaki ranchini na kurudi shule ya jirani. Kukitokea vurugu, anarudishwa kule alikotoka, nyumba ya watoto yenye ukuta mrefu na mlango unaofungwa kwa nje.

Kamanda alimpa farasi ambaye hakuna aliyemtaka. Jike changa, la kahawia, lenye doa jeupe kwenye paji la uso, ambalo halijawahi kubeba mtu. Vijana walimwita Bibi Harusi kwa sababu hakuwa akitoka bandani bila kubembelezwa. Ukimkaribia anatetemeka ngozi. Ukimwekea tandiko anazunguka kama pia.

Redio farasi hakuwajua. Alichokiona yeye ni nywele. Nywele zote za shingo ya Bibi Harusi zilikuwa zimelalia upande wa kushoto, zimesokotana na majani na tope, kichaka kitupu. Mwili ukamwasha. Akageuza ndoo, akapanda juu yake upande ule wa kushoto, akaanza kuchambua kwa vidole, huku mdomo unakwenda kama kawaida.

"Yule jirani yangu wa duka la vitambaa, unamjua? Humjui. Sawa, nitakujulisha. Yule mume aliyesema amesafiri, kumbe yuko mtaa wa pili, amevaa shati nililomchagulia mimi mwenyewe..."

Bibi Harusi akashusha kichwa. Mdomo wa chini ukalegea, macho yakafumba. Farasi akawa kama wateja wote wa Redio: ukimshika kichwa na kumpa habari, anasahau alikuja kufanya nini.

Kimya akaiona nafasi hapo hapo. Upande wa kushoto ulikuwa umeshajaa, Redio, ndoo yake na domo lake. Basi msichana akazunguka kulia, akajilaza polepole juu ya mgongo wa farasi, tumbo chini. Bibi Harusi hakutikisa hata sikio. Jumamosi nyingine akavusha mguu akakaa. Nyingine wakaweka tandiko. Siku za katikati ya wiki, Redio akiwa mjini, Kimya alikuwa akifanya vile vile peke yake, upande ule ule. Msimu mzima msichana alipanda kulia na kushuka kulia, na farasi akajua kwamba mtu hutokea kulia, kama wewe na mimi tunavyojua mlango wa nyumba yetu uko wapi.

Sasa, duniani kote wapanda farasi hupanda kushoto. Msusi angejulia wapi? Kimya angejulia wapi? Kijana wa kwenye bango alikuwa ameshapanda tayari.

Na katika kusuka kule maneno yakaanza kumtoka msichana pia, moja moja, kupitia juu ya shingo ya farasi. Siku moja akasema kwa nini alivunja yale madirisha. Mama yake alimsuka asubuhi aliyosafiri kwenda kufanya kazi mbali, na yeye hakutaka kuzifumua nywele zile. Mwalimu akazikata kwa mkasi mbele ya darasa, akisema ni chafu. Redio mikono ikamsimama. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alibeba habari mpaka saluni na hakuishusha. Benchi lile halijui mpaka leo.

Ikafika siku ya maonyesho ya kufunga msimu. Wageni walikuja na magari yao safi, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakapewa chupa za maji. Kimya ndiye aliyepangiwa kufungua, azunguke uwanja na bendera ya ranchi. Alikuwa amepiga pasi shati lake mpaka likawa na makali. Redio alimsuka Bibi Harusi mistari ya kuvutia hata mwanamke mwenye shingo ndefu angeomba asukwe hivyo.

Kamanda akaona kamera za wageni. Akamwona Kimya. Akatoa filimbi mdomoni.

"Nitafungua mimi," akasema. "Huyu hajui kutabasamu. Picha zitatoka kama za mazishini."

"Kamanda, farasi ni wa Kimya," Redio akasema.

"Farasi ni wa ranchi, mama. Nipishe."

Kimya alimkabidhi hatamu, akarudi nyuma, akaikunja bendera taratibu.

Kamanda akaenda kushoto, kama anavyoenda kila mtu. Akarudisha filimbi mdomoni, akaweka buti kwenye kikuku cha tandiko, akajirusha. Bibi Harusi hakuwahi kuona mtu akimjia kutoka upande ule bila kumshika nywele. Aliruka pembeni kama aliyeguswa na pasi ya moto. Kamanda akabaki hewani kidogo, mguu mmoja una kazi na mwingine hauna, kisha akatua kifudifudi kwenye tope la birika. Filimbi ikalia "piiii!" ndefu, ya huzuni, mpaka pumzi ikamwisha.

Wageni wakacheka kwa adabu, viganja midomoni. Vijana wakauma mashati. Na Kimya akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtoto kabisa, ambacho hakuna mtu pale ranchini aliyewahi kukisikia.

Hicho kicheko ndicho kilichomponza.

Kamanda akainuka, tope linamchuruzika kwenye nyusi. "Nani amemfundisha farasi huyu?"

"Mimi," Kimya akasema.

"Na mimi," Redio akadakia.

Lakini Kamanda alikuwa ameshalipata neno alilolitaka. "Mmesikia wenyewe! Amemfundisha ubaya. Makusudi! Huyu ni yule yule wa madirisha." Akamgeukia afisa ustawi. "Leo hii hii aondoke."

Ofisini, Redio alieleza yote. Alieleza nywele, ndoo, upande wa kushoto, upande wa kulia. Hakuongeza hata punje. Kamanda alimsikiliza huku anajifuta kwa taulo, kisha akafungua friji ndogo, akamtolea chupa ya maji baridi.

"Mama, pole kwa usumbufu. Kunywa."

"Mimi nakwambia nimekosea, wewe unanipa maji?"

"Wewe ni mtu wa kujitolea. Watu wa kujitolea hatuwalaumu, tunawashukuru."

"Nani kakuomba shukrani? Naomba lawama! Farasi amefundishwa upande mmoja kwa sababu upande wa pili nilikaa mimi na makalio yangu!"

"Mama, una moyo mzuri sana."

Redio akahisi damu inapanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Akamgeukia afisa. "Na wewe mwanangu? Unanijua. Kichwa hicho nimekisuka miaka."

Afisa ustawi aliinamisha macho. "Shangazi, nakujua ndiyo. Ndiyo maana. Wewe ukimpenda mtu..." Akatafuta neno la upole, akalikosa. "Unajua mwenyewe habari zako. Una uhakika hujaongeza kidogo, kwa huruma?"

Miaka yote Redio amegawa uongo wa kuchangamsha mtaa, watu wakaumeza na kuomba tena. Leo ameleta ukweli mkavu, umelala mezani kama samaki asiyetakiwa na mtu. Lakini hilo lilimuuma kidogo tu. Lililomchoma ni jingine: kwamba mtu mzima amesimama hapa anasema kosa ni langu, na kosa linamkwepa, linatoka nje mlangoni, linakwenda kumtafuta mtoto. Yeye akikosea anaitwa mwenye moyo mzuri. Mtoto akicheka anaitwa mwenye ubaya. Sasa huyu mtoto afanye nini? Asizaliwe?

Dirishani aliona gari la ustawi limeshawashwa. Kimya alikuwa kando yake na mfuko wake wa nguo, amesimama wima, hata halii, kama mtu aliyekuwa akilisubiri gari hilo tangu siku ya kwanza.

Redio akaiweka chupa ya maji juu ya meza, taratibu, akatoka.

Mama huyu ni mtu ambaye balbu ikiungua humwita jirani, maana akipanda kiti tu kichwa kinamzunguka. Farasi hajawahi kumpanda wala kumwota. Lakini alichukua ndoo yake, akaikokota katikati ya uwanja mbele ya wageni, akaigeuza upande wa kulia wa Bibi Harusi aliyekuwa amefungwa kwenye gogo, akakunja gauni.

"Bibi Harusi, mwanangu," akasema huku meno yanagongana, "yule mume wa jirani amerudi, unajua? Amerudi na godoro. Tulia nikusimulie."

Akapanda. Alipanda vibaya, kwa magoti, kwa tumbo, kwa kumtaja mama yake mzazi. Kiatu kimoja kikabaki kwenye ndoo. Farasi alisimama kama meza.

"Haya!" Redio akapaza sauti, ile sauti ya kuishinda mashine ya kukaushia. "Wageni, habari za mchana! Aliyemfundisha farasi huyu upande mmoja ni mimi! Msusi! Nilaumuni mimi!"

Kamanda akatoka mbio, taulo begani. "Mama, shuka."

"Sishuki mpaka useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba kosa ni la msusi."

"Tutazungumza ofisini."

"Ofisini unanipa maji!"

Chini ya turubai simu zikaanza kuinuliwa. Kamanda akatabasamu kwa upande wa wageni, akamjongelea farasi, kushoto. Bibi Harusi akakaza masikio nyuma, akaanza kusogeza matako. Redio akapiga ukelele akakumbatia shingo. Kamanda akalitazama tope la birika, akarudi nyuma.

"Umeona?" Redio akamwambia afisa ustawi, shavu lake liko kwenye mistari aliyoisuka mwenyewe. "Hiyo ni chumvi? Njoo na wewe kushoto uonje!"

Afisa hakuja kushoto. Alimtazama farasi, kisha akaenda kwenye gari. Kila mtu alimsikia akimuuliza Kimya, "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," msichana akajibu. "Uliniuliza kwa nini nimefanya. Hukuniuliza kama nimefanya."

Mama mmoja mgeni, mnene, mwenye miwani, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kwani mwalimu wao yuko wapi?"

"Yuko getini!" Redio akamjibu kutoka juu. "Amechorwa!"

Viti vya plastiki vikageuka kulitazama bango. Kamanda naye akageuka, sijui kwa nini, labda alitumaini mwalimu atashuka. Afisa ustawi akamwambia dereva azime gari. Halafu akamsogelea Kamanda, na yule mwanamke wa sauti ya chini akasema kwa sauti isiyo ya chini: "Sema, tumalize."

Kamanda akanong'ona. "Kosa... ni la msusi."

"Wa nyuma hawajasikia!" Redio akadakia.

"Kosa ni la msusi! Msichana hana kosa! Na wewe, mama, usikanyage tena ranchi hii, umesikia? Usikanyage! Umeharibu farasi, umeharibu maonyesho, umenidhalilisha mimi mbele ya watu!"

"Hapo sasa!" Redio akasema, na uso wake ukang'aa kama wa aliyesifiwa. "Hivyo ndivyo mtu anavyolaumiwa. Lawama hizo ulikuwa umezificha wapi siku zote?"

Likabaki jambo moja ambalo hakulitangaza kwa wageni: hakujua namna ya kushuka. Alikaa pale juu akijifanya bado amekasirika, vidole vimekufa ganzi. Kimya akaja akaweka mfuko wake chini, akamshika farasi, upande wa kulia.

"Shuka huku, shangazi."

"Nashukaje?"

"Kama ulivyopanda. Ila kwa kurudi nyuma."

"Mwanangu, nilivyopanda hata mimi sikuona. Nilifumba macho."

Msichana akacheka tena, kile kile kicheko, na safari hii hakuna aliyethubutu kumwuliza kinamaanisha nini.

Kimya alibaki. Mwalimu wa farasi akaletwa, wa nyama na mifupa, baada ya yule mgeni wa miwani kupiga simu ambazo hatukuzisikia. Redio amefukuzwa mpaka leo. Kamanda hajamfutia, na Redio hajaomba. Saluni alisimulia mkasa mzima bila kuongeza kitu, na benchi likamwambia kwa kauli moja kwamba pale aliposema amepanda farasi, pale ametia chumvi.

Lakini Kamanda alisema asikanyage ranchi. Barabara inayopita nyuma ya uzio si yake. Jumamosi asubuhi ukipita huko utamwona mama wa watu amesimama juu ya ndoo, mikono imepita katikati ya magogo, anasuka. Kimya humleta Bibi Harusi mpaka pale na kumsimamisha ubavu wa kushoto ukielekea barabarani. Mwalimu mpya amesema farasi lazima ajifunze pande zote mbili, basi wanamfundisha polepole, mtu akiwa huku na mtu akiwa kule, habari zikipita juu ya shingo.

Na kila filimbi inapolia upande wa ofisi, Redio hapandishi hata macho.

"Huyo amepata wageni," humwambia Kimya. "Endelea. Ulikuwa umefika wapi?"